Kupiga picha kwa rimoti isiyo na waya: mwongozo kamili kuanzia kununua hadi kutatua hitilafu

Mtu akinunua rimoti, akaweka betri na kubonyeza, kisha kamera ikakaa kimya, neno la kwanza ni kwamba rimoti ni mbovu. Mara nyingi rimoti haina kosa. Ama kamera haijawekwa tayari kuisikiliza, ama imeisikia vizuri lakini imekataa kupiga kwa kuwa haijapata fokasi, yaani haijaiona picha ikiwa kali. Mwongozo huu unaifuata amri tangu inapotoka kidoleni hadi inapofika kwenye shata, pazia linalofunguka kuruhusu mwanga uingie. Ukiijua njia hiyo, amri ikikatika utajua pa kutafuta.

Kitufe kimoja, hatua mbili

Kitufe cha kupigia picha kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, kamera inaamka, inapima mwanga na kutafuta fokasi. Ukikibonyeza hadi mwisho, shata inafunguka. Kila rimoti inajaribu kufanya kazi ya kitufe hicho, na tofauti kubwa kati ya rimoti moja na nyingine ni kama inaweza kuzituma hatua zote mbili au inatuma amri moja tu ya "piga".

Jambo hili linaonekana vizuri kwenye tundu la rimoti ya waya lililo ubavuni mwa kamera nyingi. Chukua jeki ndogo ya milimita 2.5 ambayo Canon wanaitumia kwenye kamera zao nyingi. Ina sehemu tatu za chuma: ncha, pete ya katikati na shina. Shina ni waya wa pamoja. Pete ikigusana na shina, kamera inaona kitufe kimebonyezwa nusu. Ncha nayo ikigusana na shina, kamera inapiga. Hakuna lugha ya siri hapo, ni swichi mbili tu. Kipokezi cha redio unachokichomeka kwenye tundu hilo kinafungua na kufunga swichi hizo hizo, ila amri inakuja kwa hewa.

Aina za rimoti

*Infraredi.* Ni ndogo, rahisi, na haihitaji kuchomeka chochote. Mifano inayojulikana ni Canon RC-6 na Nikon ML-L3, zote za umbali wa mita 5 hivi. Inatuma mwanga usioonekana unaopigapiga kwa kasi maalumu, na kila kampuni ina mpangilio wake wa mipigo, ndiyo maana rimoti ya Nikon haifyatui Canon hata ukiigusisha na kamera. Rimoti hizi zinatuma amri moja tu. Kamera nyingi za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless) hazina kabisa jicho la kuipokea, kwa hiyo usinunue kabla hujasoma kitabu cha kamera yako.

*Redio ya 2.4 GHz.* Hii ina vipande viwili: kifaa cha mkononi na kipokezi kinachokaa kwenye kamera na kuunganishwa na tundu la rimoti kwa waya mfupi. Haijali ukuta mwembamba, jua wala upande uliosimama, na inatuma hatua zote mbili. Kwa kazi nzito, kama vile wanyama, michezo, kamera iliyopandishwa juu ya mlingoti, au usiku mrefu wa kupiga nyota, hii ndiyo aina ya kununua.

*Bluetooth.* Kamera yenyewe ndiyo kipokezi. Canon wana BR-E1, Sony wana RMT-P1BT, Nikon wana ML-L7. Unaioanisha mara moja, kisha unabonyeza tu. Ni nyepesi na hutegemei mwelekeo, ila inafanya kazi na modeli zilizotajwa na mtengenezaji peke yake, na umbali wake si mkubwa: Canon wanataja mita 5 hivi kwa BR-E1.

*Programu ya simu.* Camera Connect ya Canon, SnapBridge ya Nikon na nyinginezo za aina hiyo zinakuonyesha kwenye simu kile ambacho lenzi inakiona, na kwa kupanga picha hakuna kinachoishinda. Gharama yake ni betri ya kamera kwisha haraka na kuchelewa kidogo kati ya kubonyeza na kupiga. Usiitegemee kunasa tukio la nusu sekunde.

Kabla ya kununua, tazama tundu

Kwa rimoti ya redio, kinachoamua ni umbo la tundu, si jina la kampuni. Kampuni moja inaweza kuwa na matundu mawili au matatu tofauti. Canon wana jeki ya milimita 2.5, inayoitwa E3, kwenye kamera kama 70D, 80D, 90D, EOS R, RP na R6, huku familia ya 5D, 7D na R5 ikitumia plagi ya pini tatu iitwayo N3. Nikon wana plagi ya duara ya pini 10 kwenye D300, D700, D800, D850 na D500, na plagi ndogo ya aina ya MC-DC2 kwenye D90, D5300, D7100, D750, Z6 na Z7. Sony tangu enzi za α7 ya kwanza wametumia tundu pana linalofanana na la micro USB. Pentax na baadhi ya Fujifilm zinapokea jeki ya milimita 2.5. Panasonic nao wana jeki ya milimita 2.5, lakini ndani yake kuna mpangilio tofauti unaotumia ukinzani wa umeme kutofautisha hatua. Jeki ya Canon itaingia vizuri kabisa na haitafanya kazi.

Ukiweza, chagua seti ya redio ambayo waya wake unabadilishwa. Siku ukibadili kamera utanunua waya peke yake.

Kufunga rimoti ya infraredi

1. Toa kipande cha plastiki kilichochomoza kwenye nafasi ya betri. Rimoti mpya zinakuja nacho ili betri isiishe dukani, na kikibaki umeme haupiti.
2. Hakikisha namba ya betri. RC-6 inatumia CR2032, ML-L3 inatumia CR2025. Zote zina upana wa milimita 20, lakini ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5. Ukiweka nyembamba pahali pa nene, inacheza na kugusa leo, kesho isiguse.
3. Badili hali ya upigaji kwenye kamera. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kamera ikiwa kwenye hali ya kupiga picha mojamoja haisikilizi infraredi. Kwenye Canon chagua alama ya saa iliyo pamoja na rimoti. Kwenye Nikon chagua hali ya rimoti: ya papo hapo au ya kuchelewa sekunde 2.
4. Ongeza muda wa kusubiri. Nikon nyingi zinaacha kusikiliza baada ya dakika 1 zisipopata amri, kisha zinarudi kwenye hali ya kawaida bila kukuambia. Ndani ya menyu unaweza kuongeza hadi dakika 5, 10 au 15.
5. Elekeza rimoti kwenye jicho la kamera, ambalo kwa kawaida liko mbele, kwenye kishikio. Ukisimama nyuma ya kamera halikuoni. Baadhi ya modeli, kama D5300 na D7100, zina jicho la pili nyuma.

Jua kali likiangukia moja kwa moja kwenye jicho hilo, umbali unapungua sana. Kofia kubwa ya lenzi nayo inaweza kulikinga jicho ukisimama upande wa pili. Ndani ya chumba chenye kuta nyeupe unaweza hata kuelekeza rimoti ukutani, mwanga ukadunda na kufika.

RC-6 ina swichi yenye alama ya 2 (kuchelewa sekunde 2) na alama ya nukta (papo hapo). Ukiwa unajipiga mwenyewe au uko kwenye picha ya kundi, tumia 2. Sekunde hizo zinakutosha kushusha mkono na kuificha rimoti kiganjani.

Kufunga rimoti ya redio

1. Zima kamera na kipokezi.
2. Weka chaneli moja pande zote mbili. Modeli nyingi zina swichi ndogo nne ndani ya nafasi ya betri, na swichi nne zinatoa chaneli 16. Usibaki kwenye chaneli ya kiwandani ikiwa kuna wapiga picha wengine karibu, la sivyo mtafyatuliana kamera.
3. Telezesha kipokezi mahali pa flashi juu ya kamera, kisha *chomeka waya kwenye tundu la rimoti*. Sehemu ya flashi inashikilia tu. Haipeleki amri ya shata. Kipokezi kisicho na waya kitawasha taa yake kwa uaminifu kila ukibonyeza, na kamera haitapiga picha hata moja.
4. Ikiwa kipokezi kina matundu mawili, moja la kuingiza na jingine la kutoa amri, waya wa kamera unaingia kwenye la kutoa.
5. Washa kipokezi, kisha kamera.
6. Bonyeza nusu. Taa ya kipokezi inapaswa kubadilika, kwa kawaida kuwa ya kijani, na kamera ianze kutafuta fokasi. Bonyeza hadi mwisho, taa iwe nyekundu, na kamera ipige.

Mita 100 zinazoandikwa kwenye boksi ni za uwanja mtupu, vifaa vyote viwili vikionana. Mawimbi ya 2.4 GHz yanamezwa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji, kwa hiyo watu waliosimama katikati wanapunguza umbali kuliko ukuta wa mbao. Majani mabichi yaliyolowa nayo ni kizuizi. Usikiweke kipokezi ardhini. Kikiwa juu kwa mita moja au zaidi, umbali unaongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Pia, urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5, na mawimbi yanayodunda kwenye vitu vya chuma yanaweza kuuana mahali fulani. Ikiwa rimoti imegoma sehemu moja tu, sogeza mkono au kipokezi sentimita chache kabla ya kuanza kubadili mipangilio.

Kuoanisha Bluetooth

Washa Bluetooth kwenye menyu ya kamera, fungua sehemu ya rimoti au kuoanisha, kisha iweke rimoti katika hali ya kuoanishwa. Kwa BR-E1 unabonyeza vitufe vya W na T kwa pamoja na kuvishikilia kwa angalau sekunde 3. Kamera ikiuliza kama unakubali, kubali. Halafu, kwa Canon, kama ilivyo kwa infraredi, badili hali ya upigaji kuwa ile yenye alama ya rimoti. Kwenye Sony kuna kipengele tofauti cha kuruhusu rimoti ya Bluetooth, na kuoanisha peke yake hakutoshi mpaka kipengele hicho kiwashwe. Kamera za zamani kidogo zinahitaji kusasishwa programu yake ya ndani kwanza.

Kosa la kawaida hapa ni simu. Kamera nyingi haziwezi kushika simu na rimoti za Bluetooth kwa wakati mmoja. Ukiwa umeacha simu iunganishwe ili kupeleka picha au mahali ulipo, rimoti haipati nafasi. Katisha simu, kisha jaribu tena.

Kwa wanaotumia simu yenyewe kama rimoti kupitia Wi-Fi: simu ikigundua kwamba mtandao wa kamera hauna intaneti, inaweza kuuacha na kurudi kwenye data. Zima data kabla ya kuunganisha.

Fokasi ndiyo inayoangusha wengi

Ikiwa kamera iko kwenye AF-S, au One Shot kwa Canon, yaani hali ya kutafuta fokasi mara moja na kuishika, haitapiga mpaka fokasi ipatikane. Ukiwa nyuma ya kamera unaliona tatizo na kulirekebisha bila kufikiri. Ukiwa mita 10 mbele yake unaona kamera iliyokufa. Yenyewe inahangaika na ukuta mweupe, giza, au nafasi tupu kati ya watu wawili ambako nukta ya fokasi imeangukia.

Njia ya uhakika ni kuondoa fokasi mikononi mwa rimoti:

- Weka mtu au kitu mahali picha itakapopigwa. Kama unajipiga mwenyewe, simamisha stendi au fimbo.
- Pata fokasi kwa kitufe cha kamera.
- Sogeza swichi ya lenzi au ya kamera kwenda MF (fokasi ya mkono) bila kugusa pete ya fokasi.
- Piga picha moja ya majaribio, ikuze kwenye skrini, uangalie macho kama ni makali.

Kuanzia hapo rimoti yoyote itapiga kila ukibonyeza. Weka alama sakafuni kwa utepe, kwa sababu anayesogea hatua moja mbele amekwisha toka kwenye fokasi, hasa tundu la lenzi likiwa wazi sana, kama f/1.8 au f/2.8. Kwa kundi lifunge hadi f/8 ili safu ya nyuma nayo itoke vizuri.

Wengine hawapendi MF kwa sababu wanasahau kuirudisha. Kwao inafaa kuhamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, AF-ON, na kukiondolea kitufe cha shata kazi hiyo. Matokeo ni yale yale. Kamera zisizo na kioo zenye kutambua macho zinaweza kuachwa kwenye fokasi endelevu na zikafanya kazi nzuri, mradi mwanga utoshe.

Mtikisiko na mwanga wa nyuma

Kuna mambo ambayo rimoti haiyamalizi. Kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, kioo hicho kinaporuka juu kinaitikisa kamera hata kama hujaigusa. Athari inaonekana zaidi kwa kasi za shata kati ya 1/30 ya sekunde na sekunde 1. Kwenye picha ya sekunde 30 mtikisiko huo ni sehemu ndogo mno ya muda wote. Ukipiga kwa kasi hizo za katikati, washa hali ya kuinua kioo kwanza: bonyezo la kwanza linainua kioo, subiri sekunde 2, bonyezo la pili linapiga. Kwa kamera zisizo na kioo, chagua shata inayoanza kielektroniki.

Zima kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa kwenye tripodi imara, isipokuwa mtengenezaji wa lenzi amesema kinatambua tripodi chenyewe.

Ziba kitundu cha kutazamia. Kwenye DSLR, jicho lako lisipokuwapo mwanga unaingia kwa nyuma na kukidanganya kipima mwanga, na picha inatoka nyeusi kuliko inavyotakiwa. Mikanda mingi ya Canon ina kipande cha mpira cha kazi hiyo, na baadhi ya Nikon zinakuja na kifuniko cha DK-5. Kitambaa cheusi kinatosha pia. Ukiwa kwenye M, ambako umejichagulia mwanga mwenyewe, jambo hili halikuhusu sana.

Picha za muda mrefu na za vipindi

Kwenye hali ya Bulb, ambako wewe ndiye unayeamua shata ikae wazi muda gani, infraredi za Canon na Nikon zinafanya kazi kwa mabonyezo mawili: la kwanza linafungua shata, la pili linaifunga. Redio inaiga kidole, kwa hiyo shata inabaki wazi kadiri unavyoshikilia. Nyingi zina kufuli: shikilia sekunde kadhaa au sukuma kitufe mbele, kisha achia. Jaribu mchana kwanza. Gizani si mahali pa kugundua kwamba kufuli halikushika.

Rimoti zenye taima zinakuwezesha kupanga vipindi. Kanuni ni moja: kipindi lazima kizidi muda wa shata pamoja na muda wa kamera kuandika kwenye kadi. Kwa shata ya sekunde 10, weka kipindi cha sekunde 13. Ukiweka 10, kamera itaruka picha na nyota zitakuwa na mapengo. Angalia pia taima yako inahesabu kipindi kuanzia wapi, kwani baadhi zinahesabu kutoka mwanzo wa picha, nyingine kutoka mwisho wake. Piga picha tano ukiwa na saa mkononi na utajua.

Zima upunguzaji wa chembechembe (noise) wa picha za muda mrefu. Ukiwa umewashwa, baada ya kila picha ya dakika 2 kamera inakaa dakika 2 nyingine ikipiga giza, na katika muda huo haisikii rimoti.

Kwa video ya vipindi hesabu mapema. Sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni picha 240. Kwa kipindi cha sekunde 5, hizo ni dakika 20 za kusubiri.

Ikigoma, fuata mpangilio huu

Kwanza piga kwa kitufe cha kamera yenyewe, katika hali ile ile. Kisipopiga, rimoti haina kosa: kadi imejaa, fokasi imekosekana, au kamera bado inaandika.

Kikipiga, weka MF na ujaribu rimoti tena. Ikikubali, tatizo lilikuwa fokasi.

Bado kimya? Kwa infraredi, elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze. Taa yake inapaswa kuonekana kwenye skrini ya simu ikiwaka zambarau au nyeupe. Kamera ya nyuma ya simu mara nyingi ina kichujio kinachouzuia mwanga huo, ndiyo sababu ya kutumia ya mbele. Isipowaka, badili betri. Betri mpya ya aina hii inasoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita ya umeme. Ikiwa inawaka na kamera haiitikii, rudi kwenye hali ya upigaji.

Kwa redio, tazama taa ya kipokezi. Isipobadilika ukibonyeza, ni chaneli, betri au umbali. Ikibadilika na kamera isipige, ni waya. Sukuma jeki hadi isikike ikikaa, kwa kuwa ya milimita 2.5 ikibaki nje hata milimita moja sehemu zake hazikutani na zile za ndani. Pia kuna kisa cha kamera kufokasi bila kupiga, au kujipigia yenyewe unapoichomeka. Hapo waya umekatika ndani au umegusana, mara nyingi pale unapoingia kwenye jeki na kukunjwa kila siku.

Wenye jeki ya aina ya Canon wana jaribio la mwisho. Acha jeki kwenye kamera, chomoa upande wa kipokezi. Ikiwa na upande huo ni jeki ya milimita 2.5, gusisha sehemu zake tatu kwa pamoja kwa kipande kifupi cha waya, kamera ikiwa kwenye MF. Umeme wake ni mdogo na hauna hatari. Kamera ikipiga, waya na tundu ni vizima, na kibovu ni kipokezi. Isipopiga, jaribu waya mwingine kabla ya kuipeleka kamera kwa fundi.

Ukimaliza kazi, zima kipokezi na uchomoe waya, kwani kipokezi kilichosahaulika kimewashwa kinamaliza betri zake ndani ya begi. Usiache betri ndani ya rimoti isiyotumika kwa miezi, maana ikivuja inakula vyuma vya kugusia. Betri za kitufe ziwekwe mbali kabisa na watoto wadogo. Ikimezwa inaunguza koo kwa saa chache tu, na mtoto anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali hapo hapo.